Miche Ishirini na Minne ya Wifi

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishapita, boksi lilifika. Lilifikia dukani kwa dobi, kwa sababu wifi aliyelituma hakutaka mkono wake uandike anwani ya nyumba aliyofia kaka yake. Lilikuwa boksi la kaki, limetobolewa matundu ubavuni ili vilivyomo vipumue, limeandikwa MICHE HAI kwa wino mwekundu, na chini yake, kwa herufi zilizonyooka kama za mwalimu wa darasa la kwanza: Kwa mke wa marehemu. Jina hakuna. Mwanamke mzima mwenye jina la kuzaliwa na jina la mtaani, lakini kwa wifi yake alikuwa mke wa marehemu na basi.

Mtaa ulimwita Mama Pasi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amesimama nyuma ya meza ileile, katika chumba cha nyuma chenye boila na mvuke usiokwisha, akinyoosha suruali za watu ambao hawakujua hata sura yake. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja mmoja alirudisha shati akilalamika kwamba lina mikunjo tumboni. Mama Pasi alilitazama shati, akamtazama mwenyewe, akamwambia mikunjo hiyo imetoka kwenye tumbo si kwenye shati, na tumbo yeye hapigi pasi. Mwenye duka alimvumilia kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mtu mwingine aliyejua kusimamisha kola kama yeye.

Siku ya boksi alikuwa hafai kabisa. Mfuaji mwenzake, mzee mpole ambaye wote walimwita Povu, alikuwa akiliona tu mlangoni anaanza kutafuta kazi ya kufanya uani. Mama Pasi alikata kamba kwa mkasi wake wa nyuzi, akafunua, na ndani yake ilikuwamo trei ya miche ishirini na minne ya petunia, kila mmoja umesimama kwenye kidonge cha udongo kisichozidi kidole gumba, majani yamepauka kwa kukaa gizani siku tatu za posta. Juu yake ilikuwa karatasi ya maelekezo ya kuipanda kaburini. Karatasi ndiyo iliyokuwa ikimchefua.

Petunia ni ua la msimu mmoja. Ukilipanda linachanua, linatapakaa, halafu linakufa na mizizi yake, na mwakani unaanza upya kama vile hujawahi kufanya lolote. Wifi alifanya kazi kwenye kitalu kikubwa, mwendo wa siku nzima kutoka pale, akifungasha miche ya kutumwa kwa posta nchi nzima, na alikuwa na uwezo wa kuchagua waridi likakaa kaburini miaka kumi. Alichagua petunia. Mama Pasi alikuwa na maelezo yake kuhusu hilo, na aliyatoa kwa yeyote aliyemsogelea.

"Anatuma la msimu mmoja ili kila mwaka apate nafasi mpya ya kunitukana."

Ugomvi wao ulikuwa na sababu, tusiseme ni wanawake wawili waliochukiana bure. Walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu siku ya kwanza, hilo kweli. Wifi alimlea kaka yake baada ya wazazi kuondoka, akaacha kuolewa kwa ajili yake, akamsomesha ufundi wa saa, na kijana alipopata duka lake akaoa mpiga pasi mwenye mdomo. Hapo walinuniana tu, kama watu wengi wanavyonuniana. Kilichoharibu mambo moja kwa moja ni kifo chenyewe. Fundi saa aliugua wiki tatu. Mama Pasi alikuwa na namba ya simu ya wifi yake, lakini mwezi uliotangulia walikuwa wamekatiana simu kwa matusi, na kiburi kilimkaa kooni. Akaandika barua. Akaitia stempu ya kawaida, akaiweka kwenye sanduku la posta. Barua ilifika kitaluni siku nne baada ya mazishi.

Hakuna siku Mama Pasi alimwambia mtu kwamba alikosea. Lakini pia hakuna siku aliyosema kwamba alifanya vizuri, na kwa mtu wa mdomo wake, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Boksi la kwanza lilikuja mwaka uliofuata. Karatasi ilimwagiza asiipande miche siku inapofika, aiweke penye mwanga pasipo na jua kali siku tatu, ainyweshe kwa kuloweka trei, asiimwagie maji juu, aizoeshe jua kidogo kidogo, aipande jioni, na ikifikisha majani sita aikate ncha, ili ichipue pembeni na kutoa maua mengi. Mama Pasi alisoma mpaka mwisho, damu ikimpanda. Kumbe alikuwa mtumishi! Akaitia ile karatasi motoni chini ya boila, akabeba trei, akaenda makaburini mchana huohuo, jua la utosi, akaipanda yote kwa dakika ishirini, akaimwagia ndoo nzima. Wiki haikuisha. Wifi alipokuja siku ya kumbukumbu ya kifo, alikuta nyuzi ishirini na nne za kahawia zimelala juu ya udongo. Alizitazama muda mrefu.

"Umemuua mara ya pili," alisema, akageuka akaondoka.

Tangu siku hiyo walizungumza kwa boksi tu. Mwaka wa pili karatasi ilikuja tena, na safari hii iliamrisha kwamba miche ipandwe siku ileile ya kufika, saa sita mchana bila kuchelewa, imwagiliwe asubuhi, mchana na jioni, na isikatwe ncha hata moja. Ile ya kwanza ilishakuwa majivu na maneno yake yalishamtoka Mama Pasi kichwani. Kilichobaki ni ile hasira tu. Kwa hiyo alichoona ni amri, na amri ya wifi ilikuwa na jibu moja. Aache kazi akimbie makaburini saa sita mchana, kwa kuwa yeye nani? Akaitupa trei kwenye dirisha la nyuma, lisilofikiwa na jua, juu ya beseni ambalo bomba la boila lilikuwa likidondoshea maji. Ikakaa hapo siku tatu, inakunywa kwa chini. Povu, aliyehitaji dirisha, akawa anaitoa uani asubuhi na kuirudisha mchana. Siku ya nne, baada ya kazi, jua likishapoa, Mama Pasi akaenda kuipanda. Kumwagilia, alimwagilia alipojisikia, mara moja kwa siku tatu. Na alipokumbuka kwamba ameambiwa asikate ncha, alichomoa mkasi wake wa nyuzi, akapiga magoti, akazikata zote ishirini na nne, moja baada ya nyingine, kwa raha zake.

Petunia zilichanua mpaka zikafunika jiwe. Zambarau, nyeupe, nyekundu ya damu ya mzee. Watu waliokuja kuwaona wafu wao walisimama kuliangalia kaburi la fundi saa, na mchimba makaburi akamwambia ana mkono wa heri. Mama Pasi alivimba kichwa. Wifi alikuja, akasimama kwenye kona ya kaburi na mkoba wake kifuani, akatazama, akaondoka. Mama Pasi akaona huo ni wivu.

Ikawa hivyo miaka mitano. Karatasi ilisema hivi, yeye akafanya vile, maua yakatia fora. Alizoea kumwambia Povu kwamba wifi hajui maua, anajua kufunga maboksi tu.

Halafu ikaja barua ya ofisi ya makaburi.

Hapa ni lazima nieleze kilichokuwa kimelala chini ya yote haya. Fundi saa, alipojua kwamba haponi, alinunua kaburi la watu wawili. Alimpeleka mkewe kulionyesha, akitembea kwa fimbo, akamwonyesha upande wa kushoto, mahali penye nyasi, akamwambia, hapo ni kwako, usiwahi sana na usichelewe sana. Hawakujaliwa mtoto. Mama Pasi alikuwa na chumba cha kupanga, kitanda, redio na ile nafasi ya kushoto, na katika vyote hivyo, nafasi ndiyo aliyoiona mali. Siku mguu ulipomvimba kwa kusimama, siku mwenye duka alipomfokea, alijiambia kwamba atakapomaliza yote haya anajua atakapolala na atakayelala naye. Makaburi yale yalikuwa yamejaa. Mapya, nje ya mji, yalikuwa uwanja mtupu ambako watu walilazwa kwa mstari kwa kadiri walivyofika, huyu kando ya yule, bila kujuana. Alipita pale mara moja na ilimchukua wiki nzima kuusahau ule mstari.

Barua ilisema kwamba nafasi zote zilizowekwa akiba zitakaguliwa. Kaburi lenye nafasi ni lazima liwe na mimea hai, inayotunzwa, siku ya ukaguzi. Likikutwa tupu, mtunzaji anafutwa kwenye daftari, na nafasi anapewa ndugu wa pili aliyeandikwa, akiitaka. Ndugu wa pili aliyeandikwa na fundi saa alikuwa dada yake. Barua kama hiyo, ilisema sentensi ya mwisho, imetumwa kwake pia.

Mama Pasi alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Povu alimletea maji. Siku ya ukaguzi ilikuwa imetajwa, na zilibaki wiki saba. Boksi likafika wiki iliyofuata, na safari hii aliifungua kamba fundo kwa fundo badala ya kuikata.

Karatasi ilikuwa ileile kwa maana, lakini ndefu zaidi na kali zaidi, kama mtu aliyekuwa akibonyeza kalamu. Panda siku hiyohiyo, saa sita mchana. Ukipanda mapema utapata maua mapema. Mwagilia asubuhi, mchana na jioni, udongo ulowe kabisa. Usikate ncha, nakuonya, hata moja. Chini yake mstari umepigwa mara mbili.

Mwaka mwingine wowote angecheka. Mwaka huu aliisoma mara tatu. Povu, ambaye kwa kawaida hakuwa na maoni juu ya jambo lolote isipokuwa sabuni, alisema kwa upole kwamba pengine mwaka huu asifanye mchezo. Yule ni mtu wa kitalu, anakula kwa maua. Miaka iliyopita dada yangu ulibahatisha, alisema, na bahati ina siku yake ya kuchoka.

Neno hilo lilimwingia. Kwa miaka mitano alikuwa na hakika na mkono wake wa heri, na sasa, mara moja tu alipouhitaji kwa kufa na kupona, hakuuamini. Watu wengi wako hivyo. Tunajipiga kifua palipo salama, na tukitiwa hofu tunaikimbilia karatasi. Na ile ahadi ya maua mapema ndiyo iliyommaliza, kwa sababu wiki zilikuwa sita.

Akachukua karatasi, akailaza mezani, akaipiga pasi ya moto mdogo mpaka mikunjo yake yote ikatoka, akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki wa kuwekea mashati. Halafu akamwambia mwenye duka kwamba anatoka saa sita kamili, akitaka amfukuze. Hakumfukuza.

Alitii kila neno. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye ukoo ule, Mama Pasi alimtii wifi yake. Aliipanda miche jua likiwa kichwani, mizizi ikitoka moja kwa moja kwenye giza la boksi kuingia kwenye udongo unaounguza vidole. Akamwagilia. Alifika kabla ya kazi, akamwagilia. Alitoka mchana bila kula, akamwagilia. Alirudi baada ya kazi, miguu imemvimba, akamwagilia. Mkasi aliuacha dukani ili mkono usije ukamponyoka. Miche ilipolala siku ya pili alisema imechoka na safari. Ilipogeuka manjano alisema inabadilisha ngozi. Siku ya tisa aligusa mmoja ukang'oka wenyewe, shina limekuwa laini na jeusi kwa chini, na harufu yake ilikuwa ya maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika. Akaurudisha ardhini, akaushindilia udongo kwa vidole viwili, akaumwagilia.

Mchimba makaburi alipita, akamwambia anazizamisha. Mama Pasi alimwambia achimbe mashimo yake.

Siku ya ukaguzi ilibaki miche mitatu, na hiyo mitatu ilikuwa hai kwa kubishana tu.

Msimamizi wa makaburi alikuja asubuhi na daftari kubwa kwapani. Alikuwa kijana mrefu, mstaarabu, mgeni katika kazi, ambaye alivua kofia mbele ya kila kaburi. Wifi alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye kona yake ya kila mwaka, mkoba kifuani, akiutazama ule udongo mweusi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mama Pasi alikuwa amejiandaa kuuona uso wa ushindi. Alichoona hakukielewa, na hakuwa na muda wa kukielewa, kwa sababu msimamizi alikuwa ameshauliza ni nani mtunzaji wa kaburi hili.

Mama Pasi alitoa ule mfuko wa plastiki kwenye mkoba. Usiku kucha alikuwa ameipanga hotuba, lakini ilimtoka sentensi moja tu, kwamba amefanya kama alivyoandikiwa na mtaalamu, na huyu hapa mtaalamu mwenyewe.

Msimamizi alisoma. Alikuwa mgeni kazini lakini hakuwa mgeni wa bustani. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama, hii ni karatasi ya kuua maua."

Akamgeukia wifi. Akamuuliza kama huo ni mwandiko wake, akakubali. Akamuuliza kazi yake, akaitaja, na miaka aliyoifanya. Akamuuliza kama anajua miche iliyotoka gizani ikipandwa mchana hufanywa nini na jua, akasema anajua vizuri sana. Na je, ndiye ndugu wa pili kwenye daftari? Ndiye. Sauti ya msimamizi ilizidi kuwa ya adabu kwa kila swali, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Huyu hafanyi ninachomwambia," alisema wifi. Alikuwa akimwambia msimamizi, lakini macho yalikuwa kwenye udongo. "Mwaka wa kwanza nilimwandikia ukweli, akaua yote. Mwaka wa pili nikaandika kinyume. Yakachanua. Nikaendelea kuandika kinyume. Kaka yangu amepata maua miaka mitano."

Msimamizi alicheka, cheko fupi, la pua. Alisema tangu aanze kazi hii amesikia ndugu wakidanganya mbele ya makaburi kwa namna nyingi, lakini hii ni mpya.

Mama Pasi hakucheka. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amepoa mwili mzima. Miaka mitano ilimpita mbele, boksi kwa boksi, dirisha la nyuma, beseni, jioni, mkasi. Zile raha zote za kukata ncha. Mwanamke huyu aliyesimama pale alikuwa amezihesabu raha zake mapema, akiwa kitaluni, kwa kalamu mkononi, na akazitumia kama mtu anavyotumia punda. Na mwaka huu, akiwa na barua ya ofisi mezani kwake, akijua kwamba maua yakifa nafasi ni yake, alikuwa ameandika kinyume tena, na kukandamiza kalamu, ili yachanue. Mama Pasi aliyajua yote haya kuwa kweli. Ni yeye peke yake duniani aliyeweza kuyajua.

Na hakuhitaji kusema kitu. Msimamizi alikuwa ameshafungua daftari. Alieleza, akiandika, kwamba kanuni iko wazi: uharibifu ukifanywa na mtu mwingine kwa makusudi, mtunzaji habebeshwi lawama. Anapewa miezi miwili apande upya, jina lake linabaki, nafasi inabaki yake. Na aliyeharibu anafutwa. Mama Pasi aliuma meno. Alichotakiwa kufanya ni kuufunga mdomo wake kwa muda wa mistari minne ya wino, kisha kushoto kwa fundi saa kungekuwa kwake mpaka mwisho wa dunia. Alijikaza. Hakuwahi kunyamaza hivyo maishani, na mstari wa kwanza ulikwisha, na wa pili.

"Pole sana, mama," alisema msimamizi, akiandika wa tatu, kwa sauti ya mtu anayetaka kufariji. "Nimeona wengi, lakini mtu mtiifu kama wewe sijaona. Unaambiwa panda, unapanda. Unaambiwa mwagilia, unamwagilia. Miaka yote unamtii wifi yako kama mtoto mdogo, na malipo yake ndiyo haya."

Kwenye kona ya kaburi, wifi alitoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kicheko kilichobanwa, kikaponyoka.

"Mtiifu," alisema wifi.

Damu yote iliyokuwa imepoa ilirudi kichwani kwa Mama Pasi kwa mkupuo mmoja.

"Nani mtiifu?" alisema. "Mimi? Mimi sijamtii huyu hata siku moja. Andika hapo. Miaka mitano hakuna neno lake moja nililolifuata. Akiandika mchana, mimi jioni. Akiandika maji, mimi nainyima miche. Aliniambia nisikate ncha, nikazikata zote kwa mkasi wangu wa kazi. Maua yale yalichanua kwa ubishi wangu, si kwa utii wa mtu."

Kalamu ilisimama. Mbali kidogo, mchimba makaburi aliacha kuchimba. Msimamizi alimtazama Mama Pasi, akamtazama wifi, halafu akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, kwamba basi anayoyasema dada wa marehemu ni kweli.

Mama Pasi alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliowahi kumjibu kila mtu, mteja, mwenye nyumba, daktari.

"Ni kweli," alisema.

Msimamizi hakufurahi, hilo lazima nikiri. Alipiga mstari juu ya mistari yake mitatu, taratibu, akieleza kwamba kama hakuna aliyekusudia ubaya basi hakuna kanuni ya kumsaidia. Miche mitatu inayokufa haihesabiki, kwa kanuni kaburi limekutwa tupu. Nafasi ni ya ndugu wa pili, akiitaka. Asipoitaka itarudi ofisini, na wapo watu wanaosubiri. Akaligeuza daftari upande wa wifi, akaonyesha kwa kidole mahali pa sahihi, akamnyooshea kalamu.

Wifi hakuipokea. Alikuwa akimtazama mke wa kaka yake usoni, na kwa wanawake wale wawili hilo lilikuwa halijatokea kwa miaka saba.

"Kwa nini mwaka huu?" aliuliza. "Miaka yote hiyo. Kwa nini ukanisikiliza mwaka huu?"

Mama Pasi alifikiria matusi matatu, yote mazuri. Hakuna hata moja lililotoka.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa kulazwa na watu nisiowajua."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu alilokuwa nalo tayari. Alikuwa na miaka sitini na minane. Aliishi kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya banda la miche, na hakuwa na mume wala mtoto, na kaka aliyekuwa naye alikuwa yule pale chini.

"Na mimi naogopa," alisema, akachukua kalamu, akatia sahihi.